Telomerasi: Kimeng'enya Kinachoipa Saratani Muda

Katika toleo lililopita tuliitaja telomerasi kwa aya moja, tukadhani yamekwisha. Barua zimetuonyesha vingine. Tumechagua tisa, na zile zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wameniuliza: kama kila seli ina jeni ya telomerasi, ni nani anayeizima? Na saratani huiwasha kwa njia gani?

JIBU: Mwalimu, tuanzie kwenye ncha yenyewe. Mwisho wa kila kromosomu ya binadamu kuna herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwarudiwa mpaka zikafika herufi elfu kumi hadi kumi na tano wakati wa kuzaliwa. Hiyo ndiyo telomea. Haina maelekezo ya kutengeneza protini; kazi yake ni kama ya taraza kwenye mkeka, kuzuia ncha isifumuke. Uzi mmoja wa DNA hutokeza mbele ya mwenzake kwa makumi hadi mamia machache ya herufi, ukajikunja nyuma na kujichomeka kama kitanzi. Protini sita hukishikilia kitanzi hicho: TRF1, TRF2, TIN2, RAP1, TPP1 na POT1. Kikifunguka, seli huiona ncha ya kromosomu kama DNA iliyokatika, na hapo mashine ya kurekebisha huanza kuunganisha ncha zisizohusiana.

Kila seli inapogawanyika, telomea hupungua herufi 50 hadi 200. Sababu ni kwamba polimerasi ya DNA, kimeng'enya kinachoinakili, haiwezi kuanza kazi bila kipande kidogo cha RNA cha kuanzia. Kipande cha mwisho kabisa kikiondolewa, hakuna cha kujaza pengo lake. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi kisha husimama. Miaka mingi baadaye ndipo telomea ilipoeleweka kuwa ndiyo saa inayohesabu.

Telomerasi hurefusha ncha hiyo. Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliigundua mwaka 1984 katika kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahymena, na mwaka 2009 wao pamoja na Jack Szostak wakapewa Tuzo ya Nobel. Ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni RNA iitwayo TERC, yenye herufi 451, na kati ya hizo ni 11 tu zinazotumika kama kielelezo cha kunakili. Ya pili ni protini TERT, yenye asidi amino 1,132, ambayo ndiyo inayoandika DNA kwa kufuata kielelezo hicho.

Hapa ndipo penye jibu la wanafunzi wako. TERC hupatikana karibu katika tishu zote. Kinachozimwa ni TERT. Mimba inapokua, tishu nyingi huifunga jeni hiyo, isipokuwa seli za uzazi, seli shina, na chembe za kinga zinapoamshwa. Ufungaji huo una tabaka nyingi. Protini MYC hukaa kwenye promota ya TERT, yaani swichi iliyo mbele ya jeni, na kuiwasha. Mshindani wake MAD1 hukaa mahali palepale na kuizima. Hata jeni ikisomwa, RNA yake nyingi hukatwa vibaya kiasi kwamba protini itokayo haina uwezo wa kunakili. Hata kimeng'enya kikikamilika, hakiendi kwenye ncha kwa hiari yake: lazima kidakwe na TPP1, na hilo hutokea wakati DNA inanakiliwa tu. Mwishoni kundi jingine la protini, CST, hukiambia kimeng'enya kimetosha. Ukikumbuka kwamba hata seli ya saratani ina mamia machache tu ya molekuli kamili za telomerasi, utaona kwa nini kila tabaka lina uzito.

Saratani huvunja kufuli hizo kwa njia kadhaa. Iliyo maarufu zaidi iligunduliwa mwaka 2013 katika melanoma, saratani ya ngozi: herufi moja tu kwenye promota hubadilika kutoka C kuwa T, na badiliko hilo huunda mahali papya pa kukaa protini za jamii ya ETS, hasa GABP. Herufi moja, na jeni iliyofungwa tangu tumboni mwa mama inafunguka. Virusi vya HPV huiwasha TERT kwa protini yao E6, na hii ni sehemu ya chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vya homa ya ini aina ya B wakati mwingine hujipachika kwenye DNA karibu na TERT, na jeni ikaanza kufuata amri za virusi. Saratani nyingine huongeza tu nakala za jeni, au hutegemea MYC iliyopanda kupita kiasi.

Waonye wanafunzi kuhusu kosa moja. Badiliko la promota haliifanyi seli isife siku hiyohiyo. Mwanzoni huzuia ncha fupi kabisa zisifumuke, huku wastani wa telomea ukizidi kushuka. Telomerasi huongezeka baadaye, seli zikiwa tayari zimebanwa.

SWALI: Nimesoma kwamba telomea fupi ni mbaya, na pengine nikasoma kwamba hutukinga na saratani. Nishike lipi?

JIBU: Shika yote mawili. Telomea ikifupika, p53 na RB, protini za ulinzi wa seli, husimamisha ugawanyikaji, na seli yenye hitilafu huishia hapo. Hiyo ni kinga. Seli iliyopoteza p53 na RB huruka kizuizi hicho na kuendelea mpaka telomea ziishe kabisa. Kromosomu huungana ncha kwa ncha, hukatika seli inapogawanyika, huungana tena, na seli karibu zote hufa. Inayoponyoka ni kama moja kati ya milioni kumi, nayo kwa kawaida imeshawasha telomerasi na imebeba kromosomu zilizovurugika vibaya. Kwa hiyo ufupi huzuia saratani nyingi, ila ile ipitayo hutoka na silaha.

SWALI: Je, saratani zote zinaitumia telomerasi?

JIBU: Hapana. Utafiti wa mwaka 1994 ulioanzisha TRAP, kipimo cha maabara cha kugundua telomerasi inayofanya kazi, uliikuta katika vipande 90 kati ya 101 vya uvimbe wa aina 12, na haukuikuta katika sampuli yoyote kati ya 50 za tishu za kawaida. Makadirio ya leo bado ni yale yale, asilimia 85 hadi 90. Zilizobaki, hasa baadhi ya saratani za mifupa na za ubongo, hurefusha telomea kwa kunakili telomea moja kutoka kwa nyingine. Njia hiyo huitwa ALT, na mara nyingi huambatana na kupotea kwa protini ATRX au DAXX. Dawa ya telomerasi haina la kufanya kwenye uvimbe wa aina hiyo.

SWALI: Kama asilimia 90 ya saratani zinaitegemea, na tishu za kawaida hazina, mbona miaka zaidi ya thelathini imepita na bado hatuna dawa ya kuponya kila saratani? Kuna kinachofichwa?

JIBU: Hakuna kinachofichwa. Tatizo ni hesabu, na tungependa uifanye mwenyewe.

Chukua seli ya saratani yenye telomea za herufi 4,000. Leo ipe dawa inayozima telomerasi kabisa. Seli haisikii chochote, kwa sababu telomerasi si pumzi yake; ni akiba ya kesho. Ikipoteza herufi 100 kila inapogawanyika, itabidi igawanyike mara 20 ndipo ibaki na herufi 2,000 na kuanza kutaabika. Ikigawanyika kila siku tatu, hiyo ni miezi miwili. Sasa hesabu upande wa pili: kwenye karatasi, kugawanyika mara 20 huifanya seli moja kuwa zaidi ya milioni moja. Ndani ya mwili seli nyingi za uvimbe hufa au hulala, kwa hiyo karatasi hutia chumvi, lakini mwelekeo ni huo. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa hana muda huo wa kusubiri.

Ongeza mambo mawili. Kwanza, dawa ikisimamishwa kwa wiki chache kwa sababu ya madhara, telomerasi hurudi na kuanza kurefusha ncha zilizo fupi kuliko zote, na hizo hasa ndizo zinazoamua kama seli itasimama. Kazi ya miezi hupotea. Pili, uvimbe una seli nyingi zisizofanana, na chache kati yake zinaweza kuhamia ALT.

Majaribio yameonyesha hivyohivyo. Imetelstat, dawa inayozuia telomerasi, ilijaribiwa kama dawa ya kuendeleza matibabu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokwisha kupata kemotherapi, na haikuchelewesha ugonjwa kurudi kwa kiasi cha kuridhisha. Dalili ndogo ya faida ilionekana kwa waliokuwa na telomea fupi tangu mwanzo, kama hesabu ilivyotabiri. Jaribio kwa watoto wenye uvimbe wa ubongo lilisimamishwa baada ya wawili kufariki kwa kuvuja damu kichwani, chembe sahani zao zikiwa zimeshuka. Chanjo ya GV1001, ambayo ni kipande cha asidi amino 16 kutoka TERT, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 1,062 wa saratani ya kongosho. Haikuongeza muda wa kuishi.

Kwa maoni yetu, njia ya kuinyima saratani telomerasi na kungoja ina nafasi pale tu seli mbaya ni chache au zinakwenda polepole. Kwenye uvimbe mkubwa, njia yenye mantiki zaidi ni kuigeuza telomerasi iwe mlango wa kuingizia sumu. Molekuli ya 6-thio-dG inafanana na moja ya herufi za DNA. Telomerasi huichukua kwa mikono yake yenyewe na kuichomeka kwenye telomea. Pale protini za kukinga ncha hushindwa kushika vizuri, na ishara ya uharibifu huanza ndani ya siku chache bila kujali telomea zilikuwa na urefu gani. Inajaribiwa kwa saratani ya mapafu, ikifuatiwa na dawa ya kuamsha kinga. Njia nyingine hutumia promota ya TERT kama swichi: virusi vya adeno vimefungwa jeni zao za kuzaliana nyuma ya promota hiyo, kwa hiyo vinazaliana na kupasua seli zile tu zilizoiwasha. Virusi vya OBP-301 vimejaribiwa Japani kwa saratani ya umio pamoja na mionzi.

Kuhusu tishu za kawaida, si kweli kwamba hazina kabisa. Uboho, ngozi na utumbo vina seli shina zenye telomerasi kidogo, na dawa huzigusa pia. Ndiyo maana madhara makuu huonekana kwenye damu.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nimesikia imetelstat imeidhinishwa. Kwa nani, na inatolewaje?

JIBU: Marekani iliiidhinisha Juni 2024 kwa jina la Rytelo. Si kwa saratani kwa jumla, bali kwa watu wazima wenye maradhi ya uboho yaitwayo MDS ya hatari ndogo hadi ya kati ya kwanza, ambao wanategemea kuongezewa damu, chupa nne au zaidi katika wiki nane, na ambao dawa za kuchochea chembe nyekundu hazikuwasaidia, ziliacha kuwasaidia au haziwafai. Katika jaribio la wagonjwa 178, waliokaa angalau wiki nane bila kuongezewa damu walikuwa asilimia 39.8 kwa dawa, dhidi ya 15.0 kwa waliopewa dawa bandia. Kwa wiki 24, ilikuwa 28.0 dhidi ya 3.3.

Yenyewe ni uzi mfupi wa herufi 13 unaojibandika kwenye kielelezo cha TERC, ukiwa umefungwa mkia wa mafuta ili upenye kwenye seli. Kielelezo kikifunikwa, TERT haina cha kunakili.

Kipimo ni miligramu 7.1 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya saa mbili, kila wiki nne. Mtu wa kilo 70 hupata miligramu 497. Angalia hapa, maana ndipo watu wanapokosea: ripoti za majaribio huandika 7.5. Hiyo ni chumvi ya sodiamu ya dawa, 7.1 ni dawa yenyewe. Ni kipimo kilekile kwa majina mawili, na anayechanganya karatasi mbili humzidishia mgonjwa karibu asilimia sita, kwenye dawa ambayo tayari inakandamiza uboho.

Angalau nusu saa kabla ya dripu, mpe diphenhydramine na hydrocortisone ili kupunguza mwitikio wa mwili. Dripu ikiisha, usimruhusu aondoke mapema. Mwangalie kwa saa moja au zaidi. Picha kamili ya damu hupimwa kabla ya dozi ya kwanza, kila wiki katika mizunguko miwili ya mwanzo, kisha kabla ya kila dozi. Ini nalo hupimwa: kabla ya kuanza, kila wiki katika mzunguko wa kwanza, na kabla ya kila mzunguko unaofuata.

Tarajia damu kushuka. Katika jaribio lile, nyutrofili, chembe nyeupe za kupambana na maambukizi, zilishuka vibaya kwa asilimia 68 ya wagonjwa na chembe sahani kwa asilimia 62. Mara nyingi hutokea mizunguko ya mwanzo na hupanda tena, kwa hiyo jibu la kwanza ni kuahirisha dozi, kisha kuipunguza hadi 5.6, na ikibidi 4.4. Mgonjwa afundishwe kuripoti homa usiku huohuo bila kungoja siku ya kliniki, na aonyeshe michubuko au fizi zinazovuja damu. Kama baada ya wiki 24 kiasi cha damu anachoongezewa hakijapungua, dawa husimamishwa.

Kwa nini ifaulu hapa na ishindwe kwenye mapafu? Seli mbovu za MDS huwa na telomea fupi, zinashindana na seli nzima ndani ya uboho uleule, na ugonjwa wa hatari ndogo huenda taratibu kiasi cha kuiruhusu dawa ingoje.

SWALI: Niko maabara nafanya TRAP kwa mara ya kwanza. Sampuli zangu za uvimbe hazionyeshi ngazi ya bendi kwenye jeli, ila seli za HeLa, zile za saratani zinazokuzwa maabara, zinaonyesha vizuri. Je, uvimbe hauna telomerasi?

JIBU: Usiandike hivyo bado. Kwanza tazama bendi ya udhibiti wa ndani, ile ya herufi 36. Ikiwa haipo kwenye sampuli za uvimbe, PCR yenyewe, hatua ya kuzidisha DNA, imezuiwa, na jibu lako si hasi, ni batili. Himoglobini na heparini ndizo wahalifu wakubwa. Punguza dondoo mara 10, kisha mara 100, urudie. Ngazi ikitokea kwenye dondoo jepesi, umepata jibu.

Kama bendi ya 36 ipo na ngazi haipo, shuku RNA. Kielelezo cha telomerasi ni RNA, na vimeng'enya vya kukata RNA hutoka kwenye vidole, kwenye tishu iliyochelewa kugandishwa, na kwenye meza. Tishu igandishwe mara baada ya kukatwa na ikae nyuzi -80. Tishu iliyolala kwenye formalini haifai kabisa kwa TRAP, kwani kimeng'enya kimeshakufa, usipoteze vitendanishi.

Kwa uchimbaji, tumia bafa ya CHAPS ya asilimia 0.5 yenye kizuizi cha vimeng'enya vya RNA, iache kwenye barafu dakika 30, zungusha kwa 12,000 g kwa dakika 20 kwenye nyuzi 4, kisha chukua maji ya juu. Yagawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha, maana kila kuyeyusha na kugandisha tena hula sehemu ya nguvu yake. Anza na kiasi cha seli 1,000, au mikrogramu 0.1 hadi 1 ya protini. Kuongeza zaidi kwa matumaini ya kupata ngazi nene huleta kinyume chake: vizuizi huongezeka, na bendi ya udhibiti humezwa na bidhaa nyingi.

Hatua ya telomerasi ni nyuzi 30 kwa dakika 30. Ndipo joto la nyuzi 95 linaiua telomerasi na kuamsha polimerasi, na PCR huenda mizunguko 27 hadi 30. Kwenye jeli ya poliakrilamidi bendi ya kwanza ya ngazi iko kwenye 50, kisha 56, 62, 68, kwa hatua za sita sita. Ukiona bendi zisizofuata hatua hiyo, si telomerasi.

Kila mara uwe na vichupa vitatu vya kulinganisha: bafa tupu, dondoo lilelile lililochemshwa nyuzi 85 kwa dakika 10, na seli za HeLa. Ngazi ikionekana kwenye bafa tupu, kuna uchafuzi au praima, vipande vya DNA vya kuanzishia PCR, zinajiunga zenyewe. Tupa vitendanishi vya siku hiyo na uhamishe uchanganyaji mbali na mahali jeli zinapofunguliwa. Ikionekana kwenye kilichochemshwa, hali ni ileile. Wanaotumia toleo la PCR ya rangi bila jeli hawaioni hatari hii, kwa kuwa mashine inatoa namba tu, na praima zilizojiunga nazo hutoa namba. Angalau sampuli chache kwa kila kundi zipitishwe kwenye jeli.

Jambo la mwisho: uvimbe uliojaa chembe za kinga unaweza kutoa ngazi nzuri isiyotoka kwenye seli za saratani hata moja. Mwombe mtaalamu wa patholojia akuambie kipande chako kina nini kabla ya kuhesabu.

SWALI: Ripoti ya kipimo cha jeni imeandika "TERT C228T". Ripoti nyingine ya mgonjwa huyohuyo haikuitaja kabisa. Ipi ya kuamini?

JIBU: C228T ni lile badiliko la C kuwa T kwenye promota tulilolitaja juu. Uliza kwanza ripoti ya pili ilipima nini. Kipimo kinachosoma sehemu za jeni zinazotengeneza protini peke yake hakifiki kwenye promota, kwa hiyo ukimya wake hauna maana yoyote. Vingine hufika lakini hushindwa: eneo hilo limejaa G na C, na PCR ya kawaida hukwama pale bila kiungo kama DMSO au betaini. Maabara nzuri huandika eneo hilo lilisomwa mara ngapi.

Majina nayo huchanganya. C228T na C250T zimetokana na tarakimu za mwisho za anwani zake kwenye kromosomu 5 katika ramani ya zamani, 1,295,228 na 1,295,250. Kwenye ramani mpya badiliko la kwanza liko 1,295,113 na la pili 1,295,135. Ripoti moja ikiandika anwani ya zamani na nyingine mpya, mtu atadhani ni mabadiliko mawili. Wengine huyaita -124 na -146, yaani umbali kutoka mwanzo wa sehemu inayotafsiriwa.

Sasa shaka upande wa pili. Formalini huharibu C kwenye DNA, nayo ikisomwa huonekana kama T. Ni aina ileile ya badiliko unayoitafuta! Kwa hiyo C228T inayoonekana kwa asilimia ndogo sana, kwenye kipande cha zamani cha nta, irudiwe kutoka DNA iliyochimbwa upya na kutibiwa kwa kimeng'enya cha UDG, kinachoondoa C nyingi zilizoharibika. Ikibaki, iamini.

Maana yake hutegemea uvimbe. Katika uainishaji wa WHO wa mwaka 2021, uvimbe wa ubongo wa astrosaiti (seli saidizi za ubongo) uliosambaa kwa mtu mzima, usio na badiliko la jeni ya IDH wala ya histoni H3, ukiwa na badiliko hili huitwa glioblastoma ya daraja la 4, hata kama kwa darubini unaonekana mpole. Lakini oligodendroglioma, uvimbe mwingine wa ubongo, ambayo ina IDH iliyobadilika na imepoteza vipande vya kromosomu 1p na 19q, huwa nalo karibu kila mara, na ubashiri wake ni mwema zaidi. Kusoma mstari wa TERT bila mstari wa IDH ni kusoma nusu ya barua. Kwenye meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, humpeleka mgonjwa daraja la 3. Kwenye tezi ya thairoidi, likiwa pamoja na badiliko la jeni nyingine, BRAF V600E, huashiria ugonjwa mkali.

SWALI: Panya wa maabara wana telomea ndefu na telomerasi inayofanya kazi, lakini wanaishi miaka miwili tu. Je, hilo haliangushi nadharia nzima?

JIBU: Linaangusha wazo kwamba telomea ndiyo saa ya umri kwa kila mnyama, si zaidi. Panya aliyenyimwa TERC huonekana mzima katika kizazi cha kwanza kwa sababu ana akiba kubwa. Madhara hujitokeza vizazi kadhaa baadaye. Kwa mtafiti wa dawa somo ni la kivitendo: panya wa kawaida si kipimo kizuri cha usalama wa dawa hizi kwa binadamu.

SWALI: Kuna vidonge vinavyouzwa kuwa vinaamsha telomerasi na kurudisha ujana. Mama yangu aliwahi kuugua saratani ya matiti. Avitumie?

JIBU: Asivitumie. Ukweli ulio nyuma ya tangazo ni huu: mwaka 1998 watafiti waliingiza TERT kwenye seli za kawaida za binadamu maabara, nazo zikaendelea kugawanyika kupita kikomo chake bila kugeuka kuwa saratani. Lakini seli safi kwenye sahani si mwili wa mtu ambao huenda umebakiza seli chache zilizolala, zilizokwisha poteza kizuizi kimoja au viwili. Watu waliorithi hitilafu ya POT1 inayoacha telomea zirefuke kupita kiasi hupata melanoma na uvimbe mwingine zaidi ya wengine. Urefu si zawadi bila bei.

Wapo wanaohitaji telomea zirefushwe kwa tiba: wenye maradhi ya kurithi ya telomea, ambao uboho wao hukauka au mapafu yao huwa magumu wakiwa bado vijana. Kwao danazol, homoni ya kutengenezwa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 27 kwa miligramu 800 kila siku hadi miaka miwili, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: wengi wa waliopimwa telomea zao ziliongezeka na damu yao ikapanda. Hiyo ni dawa ya hospitali, na ini hupimwa mara kwa mara mgonjwa akiwa anaitumia. Mama mwenye historia ya saratani ya matiti haihusu, na vidonge vile amwonyeshe daktari wake wa saratani pamoja na kibandiko cha viambato, hata kama alishameza chupa nzima.